Shamba Lisilopandwa Miti

Kabondo, Kisangani, Jumanne jioni, mwezi wa tisa 2001. Huu ni mwaka wa ishirini na saba tangu nishuke kutoka milima ya Lubero, nikaja hapa kuuza maharage kwa msimu mmoja.

Mwanangu Masika,

Mama yako amekwisha kukueleza yote yanayohitajika kwa safari yako ya chuo kule mlimani. Nimemsikia tangu asubuhi: samaki wakavu wa kumpelekea mke wa tonton wako Kasereka, chandarua, na lile koti zito ambalo hapa Kisangani mtu hulivaa akitaka kuchekwa. Sina la kuongeza hapo. Kesho alfajiri baiskeli mbili za toleka, zile za kubeba abiria, zitakuja mlangoni, moja itakubeba wewe na nyingine itabeba mama yako na valizi, nami nitapanda ya tatu nikimpata dereva asiyeogopa uzito wangu, tutakwenda hivyo mpaka kiwanja cha ndege cha Bangboka. Mbele ya ndege ya mizigo, watu wakipiga kelele na mama yako akilia, sitaweza kusema neno lenye kichwa na miguu. Kwa hiyo naandika barua hii. Utaisoma ukiwa juu ya magunia, kama rubani atakuachia mwanga.

Kuna swali moja umeniuliza mara tatu wiki hii, na mara tatu nimekimbia. Nataka kulijibu, lakini niruhusu nizunguke kidogo kabla ya kufika. Unanijua.

Jumamosi ulisimama nyuma yangu kwenye phonie, ile redio ya sokoni ambako watu hupanga foleni kuzungumza na ndugu walio mbali, na kila mwenye masikio husikiliza mambo ya mwenzake. Mdogo wangu Kasereka alikuwa upande wa pili, kule mlimani. Alianza vizuri, akimaliza kila zamu kwa “À vous,” yaani sasa ni zamu yako.

“Allô, kaka! Mutoto akuje. Chumba iko tayari, bibi yangu ameshapaka chokaa. À vous.”

“Aksanti, mudogo wangu. À vous.”

“Kaka, iko neno ingine. Shamba yako kule juu, mawe imeanza kutoka. Mvua iko nabeba udongo yote, inapeleka kwa mutoni. Mimi nataka kupanda miti kule, na kahawa katikati. Lakini siwezi kupanda kama weye hujasema. Donc niambie leo: unarudi ao haurudi? À vous.”

Mama mmoja mwenye beseni la kwanga, ile mikate ya mihogo, kichwani alisogea karibu asikose jibu. Na mimi, mzee mzima mwenye miwani na vitabu, nilifanya nini? Nilipiga kelele: “Allô? Allô? Kasereka, hausikiki! Mashini inalia! À vous!”

Mwenye phonie aliumia moyoni. “Papa, mashini yangu hailie,” alisema mbele ya watu wote. “Sauti ya ndugu yako inafika mpaka Lubunga, ngambo ya mto.”

Njiani hukunihurumia hata kidogo.

“Papa, ulisikia.”

“Nilisikia nini?”

“Papa!”

“Bon, nilisikia nusu.”

“Nusu gani?”

“Ile ya chokaa.”

Ulicheka mpaka ukashika ukuta wa nyumba ya watu. Nikacheka pia, nikidhani nimepona. Lakini mbele ya geti la nyumbani uliuliza tena, taratibu: “Alors, papa, unarudi ao haurudi?” Nikakumbuka ghafla kwamba nina shughuli mtaa wa Mangobo.

Sasa nikueleze kwa nini Kasereka anauliza, maana unakwenda kuishi katikati ya jambo hili, na ni bora ulijue kutoka kwangu kuliko kulikuta.

Kule kwetu, mtu akisafiri humwachia ndugu yake shamba. Ndugu hulima na kula, hakuna anayemdai kitu. Lakini anapanda tu vile vinavyokwisha na msimu: maharage, viazi, mahindi, masaka, ule mtama wetu. Mti hapandi. Mti ukiingia ardhini ni kama mtu amejenga nyumba hapo. Aliyeupanda amesema mbele ya kijiji kizima kwamba shamba ni lake. Ndugu mwaminifu hawezi kufanya hivyo wakati mwenye shamba bado anasema atarudi. Angeitwa mwizi, na watoto wake wangeitwa watoto wa mwizi.

Na Kasereka ni mwaminifu kupita kiasi. Miaka hii yote hajachomeka kijiti katika shamba lile. Mimi nilituma habari kila mwaka, kwa madereva wa malori wakati barabara ilipokuwa barabara, baadaye kwa ndege, na sasa kwa phonie: nitarudi mwakani. Naye kila mwaka alilima mteremko mtupu, akavuna, akangoja. Mvua ya mlimani haingoji. Unapoambiwa kwamba udongo wa kule unaondoka, usiwaze kwamba watu hawajui kazi. Babu yako aliyefariki kabla hujazaliwa alijua kukata mteremko kwa mistari ya matete ili maji yatembee badala ya kukimbia, na Kasereka alijifunza kwake pamoja nami, tukipigwa fimbo moja. Lakini matete peke yake hayatoshi pale juu, panataka mizizi mirefu. Mizizi mirefu ndiyo iliyokatazwa, na aliyeikataza ni mimi, kwa maneno yangu mazuri ya kurudi.

Sikuona hivyo mpaka uliponionyesha. Unakumbuka siku uliyopata jibu la chuo? Tulikuwa tunakula, nikakuuliza hicho utakachosoma ni kitu gani hasa, kwa maneno ya mtu wa kawaida.

Ulisema: “Papa, ni kujua namna ya kutumia udongo, maji na pori leo, na kesho bado viwepo. Développement durable.”

“Aa,” nikasema, “kumbe ni uchoyo.”

“Hapana, papa. Uchoyo ni kutotumia.”

Mama yako alipiga meza kwa furaha. Nikajitetea, nikaanza kukusimulia sifa za mlima wetu, hewa yake na matete ya babu yako, nawe ukanikata: “Na kwa nini Tonton Kasereka hapandi miti kwa shamba yako?”

“Hawezi. Shamba si yake.”

“Iko ya nani?”

“Ya mimi.”

“Na weye uko wapi?”

Hukuwa na nia mbaya. Ulikuwa unatafuta chumvi huku ukiuliza. Lakini sikumaliza sahani yangu, na mama yako aliliona hilo, maana jambo hilo halitokei mara kwa mara.

Nitakuambia niliishi namna gani hapa, labda utaelewa kwa nini neno dogo la kujibu swali lako ni gumu kulitamka.

Nilifika na lori la maharage, nikauza yote, nikaona mji una njaa ya maharage, nikaagiza mengine. Nilipanga chumba kwa mwezi. Kisha nikamwoa binti wa watu wa mto, kutoka Yanonge, nikamwambia wazi: “Sisi hapa ni wapita njia.” Alikubali kwa kichwa, na wiki hiyohiyo alipanda mti wa safu, yale matunda ya zambarau ya kuchemsha, nyuma ya jikoni. Nilimkaripia.

“Huo mti utazaa baada ya miaka. Sisi tutakuwa tumeshaondoka.”

“Basi utazaa bila sisi,” alisema, akaendelea kumwagilia.

Mti ule ulizaa kabla hujajua kusoma. Kila mwaka mama yako huweka safu za kwanza kwenye sahani, pamoja na makemba, zile ndizi za kuchoma, ananiletea kwa heshima zote na kusema: “Karibu, mugeni.” Kila mwaka nakula, na kila mwaka nashiba. Hata paa la nyumba hii sikulitengeneza mpaka lilipovuja juu ya kitanda changu mwenyewe, kwa sababu mtu hatengenezi paa la mahali anapopita. Vitabu vyangu vilikaa ndani ya masanduku ya sabuni, tayari kwa safari, na panya waliosoma kuliko mimi walikuwa wengi. Ulikuwa na miaka minane ulipovitoa na kuvipanga juu ya mbao. Ulidhani baba yako hajui kupanga vitu.

Barabara ilikufa polepole. Kwanza malori yalichukua wiki badala ya siku, kisha yakachukua mwezi, kisha maharage yakafika yameota. Nikaamua nilime mwenyewe. Nilikwenda kwa chifu wa kijiji kimoja kando ya barabara ya Bangboka, nikapewa kipande cha pori. Na hapo, mwanangu, nilifanya kichekesho ambacho mtu wa mlimani pekee anaweza kukifanya.

Watu wa huku hukata pori, huchoma, hupanda mihogo na makemba katikati ya magogo na visiki, na baada ya mavuno machache huhama na kuliacha lilale. Mimi niliona ule ni uvivu mtupu. Kwetu shamba ni kama uso wa mtu. Jirani akiona nyasi humo huuliza kama umefiwa. Kwa hiyo niling'oa visiki vyote. Niling'oa mizizi. Nilizoa hata majivu, kwa sababu yalionekana machafu. Nilipomaliza lilikuwa limesawazishwa, jekundu, linameta. Wanawake waliokuwa wakipita na vikapu vyao walisimama.

“Papa Munande,” mmoja akauliza, akiniita kwa kabila langu, “uwanja ya mupira iko ya nani?”

“Ni shamba!”

“Ehe! Na goli iko wapi?”

Nikapanda maharage. Yaliota kwa kasi ya ajabu, majani mapana kama ya kabichi, nikamwita mama yako aje aone. Tulitafuta ganda moja tukiwa tumeinama, yeye upande huu na mimi ule. Joto la huku hulisha majani na kusahau mbegu. Alisema: “Bon, tutapika majani.” Tukapika. Ulikula bila kulalamika, labda kwa sababu hukuwa bado na meno ya kutosha ya kulalamikia.

Mtu mwenye akili angeacha. Mimi nilibadili mbegu, nikaleta samadi ya mbuzi kwa baiskeli, nikachimba mifereji, nikajaribu mahindi, nikajaribu karanga. Kila mwaka udongo ulizidi kuwa mgumu na mweupe, na watoto wa kijiji kweli walianza kucheza mpira pale nilipokuwa sipo. Ndipo koko wako wa Yanonge, baba ya mama yako, alipokuja kututembelea. Nilimpeleka shambani nikitaka anisifu kwa usafi. Alilizunguka, akaokota donge, akalitupa.

“Bokilo,” akaniambia, kwa kuwa ndivyo anavyomwita mkwe wake, “hii imechoka. Acha ilale.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka utaisahau.”

“Siwezi kusahau shamba yangu mwenyewe.”

“Basi itakuwa muda mrefu,” alisema, akaomba maji ya kunywa.

Nilikubali kwa mdomo. Vita vya kwanza vilikuja, watu hawakuwa na nafasi ya kulima mbali, shamba likaachwa. Na sasa nikupe siri ambayo wewe ulikuwa nusu yake. Mambo yalipotulia kidogo nilianza kwenda kule kwa siri. Nilimwambia mama yako nakwenda kumtembelea mgonjwa. Nilikuwa nakwenda kupalilia. Napalilia shamba ambalo halina kitu, Masika! Nilikuwa na uchungu wa kuona magugu. Siku moja ulinifuata, ukanikuta nimeinama na jembe, jasho likinitoka, hakuna mbegu hata moja ardhini.

“Papa, unalimia nani?”

Nilikupa pipi unyamaze, ingawa hukuwa tena mtoto mdogo, nawe ukanyamaza kwa heshima ya pipi. Lakini suruali yangu haikunyamaza: ilijaa vimbegu vya nyasi vinavyonata hadi magotini, na mama yako alivitoa kimoja kimoja mbele yangu akiuliza mgonjwa wangu anaendeleaje, na kama amelazwa majanini. Siku hiyo nililiacha jembe nyumbani. Niliudhika kwa mwezi mzima. Kisha, polepole, nikaanza kusahau kama mzee alivyosema.

Mwaka jana mabomu yalipoanguka juu ya mji, unajua tulikimbilia wapi. Sitakuandikia habari za njiani. Ulikuwepo, na nilishika mkono wako kwa nguvu mpaka ukauma. Lakini nataka ukumbuke tulipofika. Nilikuwa natafuta uwanja wangu wa mpira na sikuuona. Mahali pake paliota parasolier, ile miti ya haraka yenye majani kama miavuli, imefunga juu kabisa, na chini yake udongo ulikuwa mweusi, laini, umejaa majani yaliyooza. Tulikaa chini ya ile miti mpaka mji ulipotulia, sisi na majirani zetu, na hakuna aliyetuona kutoka barabarani. Mama yako alitandika kitenge, akatazama juu, akatazama kulia na kushoto, akasema: “Papa Masika, leo shamba yako imezaa.”

Watu walicheka, hapo hapo, wakati milio bado inasikika kwa mbali. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilikuwa nafikiri juu ya jembe langu. Kama mama yako asingechunguza suruali yangu, tungekuwa tumelala kwenye udongo mtupu, mbele ya macho ya kila mwenye bunduki.

Sikwambii haya ili uende ukawafundishe watu wa mlimani kulaza mashamba. Kule hawana nafasi. Kipande kimegawanywa kwa watoto, na watoto wa watoto, mpaka mtu akinyoosha miguu anaiweka kwa jirani. Yaliyofaa Bangboka yatachekwa Lubero, kama usafi wangu wa Lubero ulivyochekwa Bangboka. Hilo ndilo nililochelewa kulijua. Utapewa maneno mengi chuoni, mazuri, ya kweli. Kila neno likipanda juu ya mteremko hubadilika kidogo. Uwe na subira ya kuliangalia linavyobadilika kabla ya kumlaumu mtu.

Na ukikutana na mkulima anayeharibu udongo wake, usianze kumwonyesha mizizi. Muulize kwanza udongo ni wa nani, na mwenyewe yuko wapi. Labda atakutajia mzee mmoja mwenye miwani, anayekula safu huko Kisangani na kusema atarudi mwakani.

Kuhusu kufundisha watu, mwalimu wako bora umemwacha jikoni. Nakumbuka mbabula yako, lile jiko la udongo. Ulirudi kutoka shule ya masista ukiwa umejaa habari za makala, yaani mkaa, pori linalokatwa kwa ajili ya sufuria zetu, moshi, mapafu. Mama yako alisikiliza yote huku akipepea moto. Ukachimba udongo wa kichuguu, ukafinyanga jiko lako, ukaliwasha mbele ya wageni. Lilipasuka katikati kama yai, sombe yote, ile mboga ya majani ya mihogo, ikamwagika.

“Mazingira yako imekula chakula yetu,” alisema mama yako.

La pili halikupasuka, ila lilitoa moshi mpaka jirani akaja na ndoo ya maji. Uliingia chumbani ukafunga mlango. Nilitaka kuja kukufariji na maneno ya kitabuni, mama yako akanizuia. Kesho yake nilimkuta amechuchumaa karibu nawe, mikono yote miwili ndani ya udongo, akikwambia chungu cha watu wa mto huchanganywa na mchanga gani ili kisipasuke. La tatu ndilo linalopika mpaka leo. Mama yako hakuwahi kukiri kwamba ulisema kweli. Aliona tu gunia la makala halikwishi upesi kama zamani, akaanza kuwaambia wanawake wa parokia: “Mbabula hii tulivumbua sisi.” Uliponijia ukilalamika kwamba amekuibia kazi yako, nilikwambia ufurahi. Leo nakwambia tena. Mtu akisema “sisi” juu ya kitu ulichomletea, kazi yako imekwisha vizuri.

Miaka yako ya masomo itakuwa mirefu, na vita hivi hakuna anayejua vitafunga lini njia ya kurudi. Usiishi kule kama mpita njia. Usiweke vitabu vyako ndani ya sanduku. Tengeneza paa likivuja. Panda kitu nyuma ya jiko la tonton wako wiki ya kwanza, hata kama utaondoka kabla hakijazaa, na yeye akikuuliza kwa nini, mwambie umezaliwa na mwanamke wa Yanonge.

Sasa naona nimeishiwa na njia za kuzunguka.

Kwa siku hizi tangu Jumamosi nimejaribu kulitaja lile neno peke yangu, nikinyoa, nikitembea kwenda misa. Nilidhani litaniuma kama jino. Nimekuta ni la kawaida. Nilipokuwa kijana nilipenda mlima ule, na bado naupenda. Nikifumba macho naweza kukuambia jiwe gani lilikuwa upande gani wa njia, na ukungu ulikuwa unapanda saa ngapi. Lakini kwa miaka ishirini na saba upendo wangu umekuwa ukiukwangua. Kila “mwakani” niliyoituma ilikuwa jembe lingine juu ya mteremko mtupu. Ni lile jembe langu la Bangboka, Masika, la kupalilia pasipo na kitu. Sasa nimekuwa na umri wa kuliweka chini bila kungoja suruali yangu ikaguliwe.

Usinionee huruma. Leo mama yako anakaanga makemba kwenye mbabula yenu, harufu inanifikia hapa mezani, na ananiita kwa sauti niache kuandika nile. Mwaka ujao, au ule mwingine, tutakwenda pamoja kufungua shamba la Bangboka. Koko wako ameahidi kuja kusimamia ili nisiguse kisiki hata kimoja. Kuna kazi hapa inayonihitaji. Na nina mti wa safu.

Kasereka atakupokea kiwanjani. Usimwambie pale mbele ya watu. Tumekwisha kuwapa watu wa kutosha jambo la kusimulia. Ngoja mfike nyumbani, mle, mkewe akuonyeshe chokaa. Kesho yake mwombe akupeleke juu shambani, simameni pale mawe yanapotoka, kisha umpe ukurasa huu wa mwisho ausome mwenyewe. Shamba si langu tena, wala si lako. Ni lake. Ukitaka kipande cha kujaribia masomo yako, muombe kama mtoto anavyomwomba tonton wake. Hatakunyima. Na akianza kuchimba shimo la kwanza, mshikie mche usimame wima.

Kasereka, mdogo wangu, siku ile nilikusikia vizuri kabisa. Panda miti yako. Mimi sitarudi.

Papa yako, na kaka yako